Tangi la Sebuleni

Mume wetu Mfaume alikuwa akivua samaki wa mapambo wa kupeleka Ulaya, tangu biashara hiyo iliporuhusiwa. Wengine aliwafuga sebuleni kwetu Gongo la Mboto, kwenye tangi la kioo, na maji ya bahari akiyaleta kwa madumu. Alichanganya aina mbili, wa rangi ya machungwa na wa mgongo wa manjano. Akasema watazoeana, kama mie na mke mwenzangu Naima. Wakati huo mie na Naima tulikuwa hatujasemeshana mwezi mzima.

Samaki hawakuzoeana. Wa machungwa waliwabana wenzao kwenye kona moja.

Mfaume alipofariki, tulikaa eda pamoja humo sebuleni, tukitazama tangi. Dume la machungwa nalo likafa, wakabaki majike watupu. Kufika mwezi wa tatu wa eda, jike kubwa lilikuwa limegeuka rangi ya damu ya mzee na kuota mwiba mrefu mgongoni. Limekuwa dume.

Siku tuliyotoka eda, shemeji Faraji, ndugu yake Mfaume, alikuja na sanduku lake. Akasema nyumba haikai bila mwanamume.

Naima ndiye aliyemjibu. Alimsogezea kiti mbele ya tangi.

"Shemeji, lile kubwa unaliona? Tulipoanza eda lilikuwa jike."