Vidole Vitatu vya Ngassa

Siku hiyo mjinga alikuwa Ngassa, wala habishi. Anachoomba tu ni kwamba ukilisema hilo useme polepole, maana jirani yake, fundi Joakim, hajamaliza kucheka.

Mambo yalianzia kliniki mjini Bariadi, alikokwenda kuchukua dawa zake za VVU kama alivyofanya kwa miaka kumi na sita. Muuguzi Lusajo, kijana wa Mbeya aliyehamishiwa karibuni, alimsimamisha kwenye kipimo cha urefu, akafukua kadi yake ya kwanza, akamtazama, akarudi kwenye kadi.

"Mzee Ngassa, umepungua sentimita tano."

"Zimekwenda wapi?"

"Zimo mgongoni humo. Pingili zikikonda zinakaliana. Virusi vyenyewe vinadhoofisha mifupa, baadhi ya dawa ulizoanza nazo zilichangia, na umri nao haujakuonea huruma. Nataka upigwe picha ya mgongo. Na ile kazi yako ya kushindilia pamba kwenye lori, pumzika kwanza."

Hapo ndipo Ngassa alipogeuka mbogo. Kila msimu chama cha msingi cha wakulima wa pamba kilimtegemea yeye. Akipanda ndani ya lori na kuanza kuruka, pamba inashuka, inapatikana nafasi ya nyingine, na akina mama wanaacha kufunga magunia ili watazame. Jumatatu lori linakuja. Amwachie nani? Marcelo, anayeruka kama anakanyaga mayai?

"Kipimo chenu kibovu," alisema. "Na wewe ulivyo mfupi, namba zinakufikia zimeshachoka."

Lusajo akacheka. Alishaanza kuwazoea Wasukuma na utani wao.

"Au niache dawa, mifupa irudi?"

"Ukiacha dawa sitakupima mimi, mzee. Atakupima seremala, naye hapimi mtu aliyesimama."

Ngassa akabeba dawa zake na hasira zake hadi nyumbani, kwenye kipimo anachokiamini. Kwenye fremu ya mlango wa chumbani kulikuwa na mkwaruzo wa msumari. Mwaka ule alioanza dawa, baada ya miezi mitatu ya kulala mkekani, mkewe Milembe alimnyanyua kwa makwapa, akamsimamisha peku kwenye sakafu ya udongo, akamwegemeza kwenye fremu na kukwaruza usawa wa utosi wake. "Hapa ndipo ulipo," alimwambia. "Usinishukie tena."

Hajamshukia. Ndivyo alivyoamini.

Akamwita Joakim, fundi wa milango na sakafu, aliyekuja na rula yake na mdomo wake.

"Mwadila, fundi. Leo wewe ni shahidi. Nikiwa chini ya alama ile, Jumatatu nakwenda kupigwa picha. Nikiwa sijashuka, napanda lori, na mtu asinisemeshe."

"Mama Winnie, umesikia?" Joakim aliuliza.

Milembe alikuwa anachambua dagaa wa Lamadi kwenye ungo. "Nimesikia. Mpime vizuri, shemeji."

Ngassa akavua kofia, akavua viatu, akabana visigino kwenye fremu. Saruji ilimpoza nyayo. Joakim akamlazia rula utosini.

"Usivute shingo kama bata."

"Hii ndiyo shingo yangu."

"Shingo yako naijua. Irudishe."

Shingo ikarudi. Rula ikagota palepale kwenye mkwaruzo, si juu, si chini. Ngassa akageuka kutazama, akacheza hatua mbili tatu palepale mlangoni, mikono juu.

"Sentimita tano! Mwambieni Lusajo akazitafute kwao Mbeya."

Milembe akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shemeji, hii saruji ulitumwagia lini?"

"Mwaka juzi, tulipomaliza kuvuna."

"Unene?"

Joakim akatazama sakafu, akamtazama Ngassa, na kicheko kikamtoka kabla ya jibu. "Vidole vitatu. Si ulinisimamia mwenyewe nisipunje?"

"Alama ile niliikwaruza amesimama kwenye udongo," Milembe alisema. "Leo amepandishwa vidole vitatu na bado anaigusa tu. Asingepungua, si angeipita?"

Ngassa akaitazama miguu yake kama vile ndiyo iliyomchongea. Mlango wa kutorokea ulikuwa mmoja, na mkewe alikuwa amesimama hapohapo.

"Saruji ni saruji," alijaribu. "Kule kwenye lori nakanyaga pamba, na pamba ni laini. Hata nikianguka, mayu, si utaninyanyua kama mwaka ule?"

"Mwaka ule nilinyanyua mtu, Baba Winnie. Ukivunjika Jumatatu nitakufagia tu, na saruji hii inafagilika vizuri."