Maharage Safi ya Mama Aline

Katika maabara ile ya Sydney hakuna chakula kilichopewa heshima kama maharage ya Mama Aline. Yalisafiri kwa treni kutoka kitongoji cha Granville ndani ya kopo la aiskrimu, na yalipofika binti yake Aline Wilondja, mkemia wa hapo, akayatunuku cheo: sampuli safi. Mchele, dagaa, unga wa muhogo, kila kilichoshukiwa kuwa na metali zenye sumu kingelinganishwa nayo. Yenyewe Aline hakuwahi kuyapima. Nani humpima mama yake?

Agosti 2021, mji umefungwa kwa korona, helikopta za polisi zikichungulia nyua za watu, Aline akapata zamu yake kwenye mashine ya kupima metali. Mchele ukafaulu. Dagaa wakafaulu. Maharage yakatoka na madini ya risasi, yale ya betri za magari, mara arobaini ya kiwango cha unga uliokuwa mbaya kuliko wote.

Akaitukana mashine, akaiosha, akapima upya. Mara tatu ikarudia jibu lile lile, bila adabu.

Ndipo akaikumbuka sufuria ya mama yake. Mafundi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu waliisubu kwa kuyeyusha vyuma chakavu, na mama akapanda nayo ndege kuja Australia, imeviringishwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga.

Akamkumbuka na Fidèle, mwanawe, anayelelewa na bibi yake. Miaka minne, maneno sita. Ukoo mzima ulijivunia kwamba amerithi ukimya wa babu.

Jioni alimkuta mama akipakua, Fidèle ameshaanza kula.

"Mama, hiyo sufuria ina sumu. Inaingia kwenye maharage."

"Weye! Vita haikuiweza, sasa utaiweza weye na kompyuta yako? Nimelea watoto sita nayo. Nani amekufa?"

"Fidèle haongei, Mama."

Mwiko ukasimama.

"Si wenzako kazini wanatengeneza dawa mpya ya kuua vijidudu? Mletee basi."

"Hiki si kijidudu. Kijidudu kinakufa. Hii inakaa kwenye mifupa, na ilichoharibu kichwani hakirudi."

Mama akakaa kwenye kiti, mwiko mkononi, mchuzi ukidondokea kanga yake.

"Tangu aote meno," akasema. "Kila siku. Nilikuwa namponda-pondea."

Aline akaifunika sufuria.

Fidèle alikwishamaliza maharage yake. Akaisukuma sahani mbele ya bibi yake.

"Ongeza," akasema, vizuri kabisa. Lilikuwa mojawapo ya yale maneno sita.