Nyumba ya Mfano

Jumamosi asubuhi Tepu alikuwa juu ya paa la nyumba ya mfano, akifuta vumbi kwenye paneli ya sola kwa kitambaa kibichi, alipomwona fundi cherehani akiingia mlango wa mbele na godoro kichwani. Alingoja atoke. Fundi hakutoka. Tepu akashuka ngazi amekereka, maana nyumba ilikuwa haijakaguliwa na sakafu ilikuwa imepigwa deki muda ule ule.

Walimwita Tepu kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka mkononi, hata msibani. Alikulia mtaani hapo, kwa shangazi yake, kabla tingatinga halijavunja vyumba vya mtaa mzima kupisha barabara. Akasomea usanifu majengo, akarudi na ahadi kwa wote waliovunjiwa: nyumba sitini zinazojitegemea. Paa likinge mvua na kuipeleka kwenye tangi, jua liwashe taa, choo kitoe gesi ya kupikia. Kwanza ajenge moja. Afisa makazi akiridhika nayo, zilizobaki zifuate. Na kwa kuwa Tepu hapendi kitu kitupwe, alikisaga kifusi cha vile vyumba vilivyovunjwa na kukifyatulia matofali.

Nyumba ilikuwa na chumba kimoja na jiko. Sasa ukutani palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango fundi cherehani alikuwa kwenye chumba chake cha zamani, kile kilichovunjwa, akitundika gauni la mteja.

"Kumbe umeniwekea hadi msumari wangu," alisema. "Ila ungefagia."

Kufikia jioni milango ilikuwa mingi, na korido ilikuwa ndefu kuliko tepu. Kinyozi alipata chumba chake, na kile kioo chenye ufa. Shangazi alikuja na masufuria yake kutoka uani kwa watu, alikojibanza tangu bomoabomoa. Aliingia chumbani kwake, akainua macho darini.

"Mwanangu, shule yote ile, na pale panapovuja umepaacha?"

"Sikukijenga mimi, shangazi."

"Kajenga nani basi?"

Tepu akatoka kwenda kupima. Kwa nje nyumba ilikuwa mita nne kwa tatu, kama alivyoichora. Akapima tena, akaizunguka, akapima upande ule ule mara nyingine. Vyumba havikumsumbua. Kilichomkosesha raha ni tangi: alilipigia hesabu ya watu wanne, na huko ndani alisikia ndoo zikigongana.

Jumatatu tangi lilikauka. Gesi ilizimika kabla chai haijachemka, taa zikawa zinafifia kila mtu akichaji simu, na kwenye korido watu wakaanza kutupiana maneno juu ya zamu ya choo. Tepu alipanda paani na kushuka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata dalili ya wingu.

Siku ya pili yake afisa makazi alikuja na viatu safi. Alipita mlango kwa mlango akisalimia, mpaka akachoka na kukaa kwenye kiti cha kinyozi.

"Waliovunjiwa wamo wote?"

"Wamo, bosi. Lakini tangi ni la watu wanne. Ndiyo maana zile nyingine..."

"Zile nyingine za nini tena?" afisa aliuliza kwa upole. "Watu wamekaa. Tatizo limekwisha, tena kwenye kiwanja kimoja. Hongera sana, dada."

"Hawana maji, bosi. Hongera hainyweki."

"Hiyo ni kasoro ndogo, utarekebisha." Akanyoosha shingo dirishani. Ng'ambo ya barabara mtaa wa pili ulikuwa bado umesimama, nguo zimeanikwa. "Na wale je, wataenea?"

Tepu alitaka kusema hapana. Aliigeukia korido, ambayo mwisho wake hakuwahi kuufikia, na ulimi ukagoma, maana tangu azaliwe hakuwahi kumtajia mtu kipimo cha uongo. Afisa akauchukua ule ukimya kuwa ni jibu, akamshika mkono, akaondoka. Tepu alijichukia mchana kutwa.

Alhamisi lori lilirudi kinyumenyume hadi kwenye mashine ya matofali, likamwaga kifusi. Kilikuwa na kipande cha pazia na bawaba za mlango. Dereva alitaka kujua kama cha jioni nacho akimwage hapo hapo. Nyuma yake watu wa mtaa wa pili walikuwa wamesimama na magodoro yao, wakingoja matofali yafyatuliwe na kukauka.

Shangazi alitoka na ndoo tupu mkononi.

"Sogeeni kivulini," akawaambia. "Nafasi ipo, karibuni. Ila mje na maji yenu."