Kigezo Chenye Namba Sita

"Mbao ni mbichi, shemeji! Mbao ikikauka inajikunja. Hata mtoto anajua hilo."

"Basi huyo mtoto anajua pia kwamba haijikunji sawasawa kila upande," nikamwambia mdogo wa mume wangu. "Tazama. Kona zote zimekosea kwa kiasi kilekile. Mbao gani hiyo yenye nidhamu?"

Mume wangu, aliyekaa kwenye kigoda mkono wa kulia umefungwa bendeji tangu patasi ilipomteleza, akacheka kidogo. Mbele yetu, juu ya benchi, fremu ya meza ya pande sita ililala mdomo wazi. Vipande sita viliungwa ncha kwa ncha, lakini cha kwanza na cha mwisho havikukutana. Katikati hapo kuku angepita na vifaranga wake.

"Labda gundi," shemeji akasema.

"Asubuhi ulisema msumeno."

"Na msumeno pia! Au kuna mtu kachezea vigezo vya baba." Akanitupia jicho la pembeni. "Wengine humu hawataki nishike funguo."

Hapo hakukosea. Funguo za karakana zilikuwa mfukoni mwa mume wangu, na siku hiyo ndiyo aliyoahidi kumkabidhi mdogo wake, awe fundi wetu mpaka mkono upone. Karakana ndiyo chungu chetu, hatuna kingine. Shemeji alidai alifundishwa na marehemu baba yao kwenye benchi hilihili, miaka ile mimi na mume wangu tulipokuwa tunaishi mbali. Mume wangu aliamini. Mimi nilinusa moshi, ila moto sikuuona.

"Pembe ulipimia nini?"

"Kigezo."

"Kipi?"

Akakiangua ukutani kipande cha mti mgumu chenye namba sita ya rangi nyekundu, akakibwaga juu ya benchi kama mtu anayetupa karata ya ushindi. "Pande sita, namba sita. Au siku hizi sita si sita?"

Kicheko kikafutika usoni mwa mume wangu.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "baba alihesabu nini alipoandika namba hizi?"

"Pande. Angehesabu nini, nzi?"

Baba mkwe hakuhesabu pande. Usingeweza kusimama naye nusu siku bila kuelezwa. Mimi alinieleza nilipoolewa tu, siku ya kwanza nilipomletea chai, kabla hata hajauliza habari za kwetu. Nikachukua chaki, nikachora umbo la pande sita juu ya benchi, na kutoka kona moja nikapiga mistari kwenda kona zote zisizo jirani yake. Mistari mitatu, pembetatu nne.

"Alihesabu pembetatu hizi," nikasema. "Siku zote idadi yake ni pande ukitoa mbili. Kila moja ina nyuzi mia na themanini, kwa hiyo nne zinatoa mia saba na ishirini. Gawa kwa kona sita, kila kona mia na ishirini. Kigezo chako ni namba nne. Hicho ulichotumia kina pembetatu sita, ni cha pande nane. Kona zake ni nyuzi mia na thelathini na tano, zimepanuka mno. Ndiyo maana umbo lako linadai pande mbili zaidi lipate kufunga."

Shemeji akakuna shingo. "Baba hakunionyesha yote."

"Hilo ndilo la kwanza kuonyeshwa, bwana!" nikadakia. "Mpishi gani asiyewahi kuonyeshwa jiko?"

"Miaka mitatu unadai baba alikufundisha," mume wangu akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakuja hapa, kaka."

"Kufanya nini?"

"Kumsalimia."

Mume wangu akatoa funguo kwa mkono wa kushoto, akabaki nazo hewani, macho kwa mdogo wake. Namjua. Hayo ni macho ya mtu anayetafuta namna ya kusamehe kabla hajaombwa. Sikumpa nafasi. Nikazichukua.

"Utakaa hapo uelekeze kwa mdomo," nikamwambia mume wangu. "Mikono ni yangu."

"Wewe, mama watoto?"

"Mimi. Na wewe, shemeji, ukitaka kujifunza, shika ncha ile. Hutaki, mlango uko wazi kuliko fremu yako."

Gundi ilikuwa haijakauka. Nikavitenganisha vipande, nikavaa aproni ya mume wangu, nikaangua kigezo namba nne, nikakilaza juu ya kipande cha kwanza, nikaegemeza msumeno ubavuni mwake na kuanza kukata.