Hali ya Hewa ya Masjala

Kidude cha hali ya hewa kwenye kona ya kioo cha kompyuta ya mhazili kilikuwa kimekufa. Badala ya jua au wingu kilionyesha alama ya kuuliza, na mhazili, aliyezoea kukitupia jicho kabla hajachagua viatu vya kurudia nyumbani, alikereka. Fundi wa kompyuta akaja, akatazama, akatikisa kichwa.

"Waliokitengeneza walishakitelekeza, dada. Kifute tu."

Mhazili hakuwa mtu wa kufuta vitu. Mambo ya programu hakuyasomea, ila kichwa chake kilikuwa kigumu na bosi alikuwa kikaoni. Akafungua faili la kidude, akakuta mistari iliyojaa mabano, akaipitia taratibu kama anayechambua mchele. Palipotakiwa mji palikuwa na namba isiyoeleweka. Akaifuta. Namba ya mji wake hakuijua, na tangu asubuhi mawazo yake yote yalikuwa masjala, kule chini kabisa ya jengo. Akaandika masjala, akahifadhi.

Alikuwa na sababu ya kuwaza huko. Karani wa masjala, ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi kwa kuwa ndiye aliyewapokea wote walipoanza kazi, alikuwa anaandikiwa onyo la mwisho. Mafaili yalikuwa yanalowa, na bosi alishaamua kwamba ni uzembe. Wa kuichapa barua hiyo ni mhazili mwenyewe, na roho ilikuwa inamuuma.

Kidude kikazinduka. Masjala: rasharasha, upepo wa baridi.

Mhazili akashuka ngazi kwenda kuhakikisha. Kidude hakikukosea. Mvua ilikuwa inanyesha kutoka kwenye dari kavu, na Shangazi, mfuko wa plastiki kichwani, alikuwa anapanga mafaili huku akikohoa.

"Shikamoo, Shangazi. Imeanza lini hii?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu bosi afungiwe kiyoyozi. Ubaridi anabaki nao yeye, mawingu yananishukia mimi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Wakaniambia nizibe bomba."

Masjala haikuwa na bomba. Mhazili alipanda ngazi mbiombio, moyo mweupe, maana sasa ushahidi alikuwa nao. Bosi alipotoka kikaoni tu, akamwita kwenye kompyuta yake. Bosi akavaa miwani, akainama, akasoma.

"Kumbe inanyesha kweli."

"Ndiyo, bosi. Nimeiona kwa macho yangu. Shangazi hana kosa."

"Na yeye alikuwa anajua?"

"Tangu mwanzo, bosi."

"Anajua kuna mvua, halafu anakuja kazini bila mwavuli?"

Bosi akamwambia aandike sasa ofisi yake yeye. Mhazili akafuta, akaandika, na kidude kikajibu bila kusita: jua la wastani, upepo mwanana. Bosi akafurahi kama mtu aliyesifiwa mbele za wakwe. Akaagiza kidude kihamishiwe kwenye kompyuta yake, na kisiguswe tena.

Basi mhazili akarudi kwenye barua. Palipoandikwa "kulowesha mafaili" akaweka "kutochukua tahadhari dhidi ya mvua". Machozi yalimlengalenga, akajichukia, akachapa mpaka mwisho, kwa sababu naye kazi alikuwa anaihitaji.

Shangazi aliipokea barua akiwa kazini kwake. Mvua ilikuwa imeongezeka, kwani bosi alikuwa na wageni na kiyoyozi kilikuwa kimepandishwa. Wino ukaanza kutiririka kabla hajafika mstari wa pili, na alipofika mahali pa kusaini, karatasi ilikuwa uji mtupu.

Bosi alipoletewa uji huo alisikitika sana. Barua ya onyo, alisema, ni hati ya ofisi kama hati nyingine, na sasa nayo imeloweshwa. Akamwagiza mhazili achape nyingine, ya kumwachisha kazi, na safari hii ahakikishe anaipeleka ikiwa ndani ya plastiki.