Usiongee, Shemeji, Moyo Unachorwa

Mashine ya kupima moyo ilifika zahanati bila mtu wa kuifunga. Muuguzi akaitoa kwenye boksi mwenyewe: kisanduku cha kuchomeka kwenye kompyuta, na nyaya za rangi rangi. Alijifunza kwa kujipima. Mwanzoni mstari ulitoka na meno kama msumeno, mpaka alipogundua mchawi ni chaja ya kompyuta, akaichomoa, ukatulia. Akagundua pia kwamba anayepimwa akikunja ngumi au akitamka neno moja tu, mstari unaota manyoya, na daktari hasaini manyoya.

Asubuhi moja akaingia shemeji yake, dereva wa basi, watu humwita Breki. Alitaka cheti cha afya kabla ya saa sita, la sivyo basi lake anapewa mwingine.

Huyu ndiye aliyebadilisha kitasa cha nyumba ya muuguzi hata udongo wa kaburi la mumewe haujakauka. Muuguzi alipofungua mdomo kujitetea mbele ya ukoo, Breki alimkata: "Nyamaza, wewe si wa damu hii."

"Kumbe ni wewe," Breki alisema mlangoni. "Hakuna mwingine?"

"Mashine moja, anayeijua mmoja. Labda usubiri wa pili azaliwe. Vua shati, shemeji, ulale."

Akambandika bila haraka. Nyekundu mkono wa kulia, njano wa kushoto, kijani na nyeusi miguuni, zilizobaki kifuani. Hakukosea hata moja. Angeweza kubadilisha mbili tu na moyo wa Breki ukasomeka kichwa chini miguu juu. Wazo lilimpitia, akaliacha lipite. Alichotaka ni kingine.

"Usiongee, usitikisike."

Akabonyeza kitufe. Mawimbi yakaanza kutembea kwenye skrini.

"Siku ile nilisimama nje na watoto," alisema polepole, kama anayesoma maelekezo ya dawa. "Mvua ilikuwa inanyesha. Wewe ulikuwa dirishani, unakunywa chai kwenye kikombe cha kaka yako."

"Shemeji, mimi..."

"Ona, umeuharibu. Tunaanza upya."

Akafuta, akaanza. Akamweleza jinsi mwanawe mdogo alivyoomba kuingia kuchukua viatu. Breki akakunja ngumi, manyoya. Akafuta. Akarudia kuanzia kwenye mvua, neno kwa neno.

"Nitamwambia daktari!"

"Mwambie. Atakuuliza kwa nini umeshindwa kulala kimya kidogo tu."

Breki akaitazama saa ukutani. Akashusha pumzi, akalegeza vidole, akafumba macho. Muuguzi akasimulia yote: viatu, godoro lililotupwa uani, majirani waliochungulia. Chozi likateleza mpaka sikioni mwa Breki, hakulifuta. Mstari ulitoka safi, umetulia kuliko mistari yote aliyowahi kuchora.

Akauhifadhi, akauchapa, akamkabidhi ampelekee daktari asaini cheti. Breki alivaa shati akikosea vifungo.

"Basi umemaliza?" aliuliza bila kumtazama.

"Cheti chenyewe ni cha miezi sita tu," muuguzi alijibu huku akifuta nyaya kwa pamba yenye spiriti, mmoja baada ya mwingine. "Karibu tena, shemeji. Habari za mama mkwe bado sijazigusa."