Shamba Lililofagiwa

Mama Hoho alisikia harufu ya moshi alipofika kwenye kona ya duka la mbao. Hakuujali. Asubuhi watu huchoma taka, nani asiyejua? Lakini kila alivyokaribia nyumbani moshi ulizidi kunuka nyasi kavu, na mtaa mzima mtu mwenye nyasi kavu za kutoa moshi wa namna ile alikuwa mmoja tu. Mtu huyo alikuwa anarudi kutoka sokoni na kreti tupu kichwani, na sasa miguu ilianza kumtangulia.

Jina hilo la Mama Hoho alipewa kwa sababu ya pilipili hoho alizozilima nyuma ya nyumba. Mwaka ule alikwenda kwenye mafunzo ya wakulima. Wakafundishwa kufunika matuta kwa nyasi, walimu wenyewe wakaziita matandazo, ili jua lisinyonye maji ya udongo. Siku ya mwisho akaletwa mwenye duka kubwa la mjini, akasema hoho zao atazinunua zote, ila anazitaka mwaka mzima. "Mteja wangu hajui kiangazi," alisema, na wakulima wakatazamana. Kiangazi bila pampu maana yake ni ndoo, na kiangazi kilichopita Mama Hoho alichota mpaka akawa hawezi kuinama kufunga kiatu. Ndiyo maana mradi ulioendesha mafunzo yale uliposema una ruzuku ya pampu za sola, hakulala vizuri tena. Pampu angepewa mkulima atakayekutwa anafanya alichofundishwa. Mkaguzi alikuwa anakuja leo.

Akaizunguka nyumba karibu anakimbia.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amesimama katikati ya shamba na ufagio mkononi, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha. Alikuwa amefika juzi kuja kumsaidia, kwa kuwa mume mwenyewe ni dereva wa malori na nyumbani huonekana kama mwezi mwandamo. Matuta yote ya mbele yalikuwa mekundu, tupu, kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Alama za ufagio zimelala mistari mistari. Pembeni, rundo la nyasi lilikuwa linamalizikia.

"Karibu wifi yangu, njoo uone!" akasema. "Leo huyo mgeni wako akikosa kiti akae chini, tena na nguo nyeupe!"

"Wifi," sauti ilimtoka kama ya mgonjwa. "Zile nyasi."

"Zile takataka? Wee! Mtu mzima na akili zako unalala nazo mwaka mzima. Nyoka angekugonga ungemlaumu nani?"

Mama Hoho akaketi juu ya kreti. Alitaka kupiga kelele, lakini maneno yake mwenyewe ya jana yakamrudia: wifi yangu, kesho nifagilie, mgeni asikute taka hata punje. Yeye alikuwa na maana ya uani. Lakini wifi huyu alilelewa na mama aliyekuwa anafagia mpaka njia ya chooni, asubuhi na jioni, akisema mgeni huanza kukuona kwa miguu. Ukimwambia mtu wa ukoo ule afagie, usisahau kumwonyesha mpaka.

"Ndizo walizonifundisha," akasema polepole. "Ndizo anazokuja kuziona. Bila hizo hakuna pampu."

Ufagio ukashuka. Wifi akatazama matuta, akatazama moto, kisha akauvamia moto ule kwa mikono mitupu, anachomoa nyasi, anakanyaga, anapuliza vidole. Mama Hoho akaenda kumvuta.

Kichwa kikachomoza juu ya ua. Alikuwa jirani, fundi bomba, mtu asiyepitwa na jambo. "Jamani, naona leo mnachoma ruzuku!"

"Fundi, kama huna la kusaidia, funga bomba lako hilo," wifi akamjibu.

"La kusaidia ninalo. Nikate majani ya ua huu, tutandaze haraka haraka. Au niwaletee godoro langu, ndani ni nyasi tupu."

Mama Hoho alilifikiria. Alilifikiria kweli. Lakini majani yaliyokatwa leo hata kipofu angeyajua kwa harufu. Simu ikalia kabla hajajibu. "Tumeshavuka daraja," mkaguzi alisema. "Dakika chache tu, mama."

Dakika zenyewe zilikuwa chache kweli. Gari likasimama, akashuka mwanamke mwenye buti za mpira na miwani, akasalimia vizuri, akakataa kiti. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, na hapo akasimama.

"Picha ulizotutumia zilikuwa na matandazo," mkaguzi akasema.

"Yalikuwepo."

"Sasa yako wapi?"

Wifi alikuwa ameuficha ufagio nyuma ya mgongo, ila mpini ulikuwa unachungulia juu ya bega. Fundi bomba akashusha kichwa mpaka yakabaki macho tu juu ya ua. Ilikuwa rahisi kunyoosha kidole. Ni huyu hapa, hakuhudhuria mafunzo, hajui kitu. Na ungekuwa ukweli mtupu. Mama Hoho akaviona vidole vya wifi yake, vyeusi kwa masizi, kimoja kimeanza kuvimba lengelenge.

"Mimi ndiye niliyesema pafagiwe," akasema. "Nilisema pafagiwe, sikusema wapi."

"Kwa nini pafagiwe?"

"Kwa ajili yako, mama. Ulikuwa unakuja."

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Akageuka kama anayetaka kuondoka. Wifi hakuweza tena kuvumilia.

"Lile la mwisho kule sikuligusa!" akapaza sauti. "Kuku ameatamia. Nani anamfagia kuku juu ya mayai yake?"

Wote wakatazama. Kwenye tuta la mwisho, nyasi zilikuwa bado zimelala nene kama zilivyotandazwa, na katikati yake tetea mweusi amejituliza, anawatazama kwa jicho moja kama mwenye nyumba aliyebishiwa hodi saa mbaya.

Mkaguzi akaenda, akachuchumaa mbali kidogo na kuku, akapenyeza mkono chini ya nyasi. Ulitoka na udongo mweusi kwa unyevu, uliomng'ang'ania vidoleni. Akaja kwenye tuta lililofagiwa. Jua lilikuwa limeshapanda, na udongo alioushika ulimponyoka vidoleni kama unga. Hata majani ya hoho za upande huu yalikuwa yameanza kulegea masikio, na ya upande wa kuku yamesimama.

"Umefagia lini?" akamuuliza wifi.

"Alfajiri. Nisamehe."

"Alfajiri ya leo?" Akatoa simu, akapiga picha pande zote mbili, na kuku naye. "Wenzenu wote wananiambia matandazo yanatunza maji. Wananiimbia. Hapa ndipo nimeyaona kwa macho." Akamgeukia Mama Hoho. "Alhamisi nataka kuwaleta hapa wakulima wengine. Pampu hatoi mtu mmoja, tunaamua watatu, lakini mimi nitakuwa na la kuwaambia. Ila paache hivi hivi mpaka Alhamisi. Usifunike kitu."

Mama Hoho alitaka kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa umeshainuka. Kisha akayatazama matuta yale, hoho za mwenye duka ambaye mteja wake hajui kiangazi, na akajua kuwa kufikia Alhamisi zingekuwa kuni.

"Mawili," akasema. "Nakuachia matuta mawili, yafe mbele ya wageni wako. Mengine nafunika leo. Nikipata pampu nikakosa cha kumwagilia, nitamwagilia nini?"

Fundi bomba akajikuna kichwa. Mkaguzi akayahesabu matuta kwa kidole, moja moja.

"Mawili yanatosha," akasema, na akaenda kwenye gari bila kuahidi lolote.

Mchana wote walikusanya nyasi kando ya barabara, fundi akiwasukumia toroli na kulalamika kuhusu mgongo. Wifi ndiye aliyetandaza. Alizipanga nyasi zote zielekee upande mmoja, akazikata ncha zilizozidi, akazipapasa kama shuka ya maharusi.

"Wifi, si kitanda hicho," Mama Hoho akamwambia.

"Alhamisi si kuna wageni?"

Mama Hoho akacheka, kicheko kifupi kilichokwama njiani. Simu ilikuwa mfukoni, mkono wake juu ya simu, kama vile mkaguzi angepiga wakati wowote. Mbele yake yale matuta mawili yalikuwa yanaendelea kulegea, jani moja baada ya jingine, na ndoo ilikuwa pale pale karibu na mguu wake, imejaa maji ambayo hakuthubutu kuyamwaga.